Biblia ya Kibakwe: Muhuri Mwekundu

Mkono ni wa Raphael. Naomba tusisumbuane tena.

Wiki nzima simu yangu haikupumua. Mmoja wenu kanitumia ujumbe kutoka Kongwa, anasema mikono hufanana, mwandishi usimwonee mume wa watu. Mwingine anadai ule ni mkono wa malaika. Hapana, ndugu zangu. Malaika hana kovu la kuchomelea magrili juu ya kidole gumba. Erica amelipaka mafuta kovu lile miaka minne ya ndoa yao, na hawezi kulikosea.

Tulimwacha ameganda mbele ya kompyuta, Ijumaa saa tatu asubuhi, ofisini kwao ghorofani Majengo, kelele za wauza mahindi zikipanda dirishani. Kwenye skrini kuna video ya nusu dakika. Mkono wa mwanamume unafukua kifusi cha nyumba iliyoungua, unaibua Biblia. Nzima! Haijaungua hata ukurasa mmoja. Mwanamke anayepiga picha haonekani, ila sauti yake inasikika: "Haleluya! Jamani, haleluya!"

Juu ya video kuna maandishi: MUUJIZA KIBAKWE! NYUMBA YAWA MAJIVU, BIBLIA YATOKA NYEUPE! TUMA KWA WATU KUMI UPATE BARAKA KABLA JUA HALIJAZAMA.

Watu laki mbili walikuwa wameshaitazama. Baadhi yenu mlituma kwa watu kumi, nawajua kwa majina, tutaongea siku nyingine.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi: Erica ni mhakiki wa Chekecheo, gazeti la mtandaoni la hapa Dodoma. Habari za dini zinazoshtua watu zinapita kwake kwanza. Msalaba unaotoa machozi, mbuzi aliyezaliwa na maandishi ubavuni, mhubiri aliyeonekana sehemu mbili kwa wakati mmoja. Erica anachunguza, kisha anagonga muhuri. Wa kijani ni KWELI, mwekundu ni UZUSHI. Akishagonga, mjadala umefungwa.

Na Raphael je? Raphael, fundi wa kuchomelea, alimuaga mkewe Jumamosi jioni. Alisema anakwenda Kondoa kufunga milango ya zahanati.

Kondoa iko kaskazini. Kibakwe iko kusini.

Erica akairudisha video mwanzo. Akafumba macho, akasikiliza sauti tu. "Haleluya! Jamani, haleluya!" Damu ikampanda hadi masikioni.

Alikuwa Hilda.

Hilda, mwalimu wa shule ya msingi huko Kibakwe, kwao Raphael. Hilda, aliyekuwa aolewe na Raphael kabla Erica hajaingia. Alikuja harusini, upande wa bwana harusi walikuwa watu sita tu, naye mmoja wao. Alipopewa kipaza sauti atoe pongezi, akasema haleluya tatu, na ya tatu ikakatika kwa kilio. Mwanamke hasahau sauti ya mwanamke mwenzake aliyelia kwenye harusi yake.

"Kumbe!" Erica akasema peke yake. "Kumbe ndiyo milango ya zahanati!"

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Respicius, mhariri wake, kikombe cha kahawa mkononi. Huyu ni mtu wa Bukoba, ana mwaka wa pili Dodoma, na vijijini kwetu amevipita kwa basi tu.

"Vipi ile ya Kibakwe? Watu wanaulizia tangu jana."

"Uzushi," alisema Erica.

"Haraka hivyo? Umempata aliyeipiga?"

Sasa hapo ukutani, juu ya kichwa cha Erica, kuna karatasi aliyoibandika kwa mkono wake mwenyewe. Imeandikwa: Mpigie aliyekuwepo kabla hujagonga muhuri. Namba ya Hilda anayo. Aliinakili zamani kutoka simu ya mumewe, msiniulize kwa nini, na hajawahi kuipiga.

"Sihitaji kumpigia mtu," alisema. "Tazama mwenyewe." Akaisimamisha picha. "Nyumba imeungua, sivyo? Biblia ilipaswa kutoka na majivu. Hii imetoka na nini?"

Respicius akainama. "Udongo."

"Udongo mkavu, umejaa mpaka katikati ya kurasa. Nyumba ikiungua inaacha majivu na bati zilizojikunja. Udongo wote huu umetoka wapi? Mtu kachimba, kafukia Biblia, kisha kaja na simu kuifukua. Ndiyo muujiza wenyewe huo."

Respicius akapiga mluzi. "Wewe ni kiboko. Mimi nisingeona."

Asingeona, wala simlaumu, kwao hakuna. Ila wewe msomaji wa Bahi, wewe wa Mvumi, umeshashika kichwa. Umeliona kosa. Tafadhali nyamaza, usiwaharibie wenzako.

"Una hakika lakini?" aliuliza Respicius. "Hii ni imani ya watu."

"Nina hakika."

Alikuwa na hakika kweli, lakini ya jambo jingine kabisa. Akavuta kibao cha herufi, akaandika: *Biblia hii ilifukiwa makusudi baada ya moto. Wahusika, mwanamume na mwanamke, walishirikiana kuwahadaa waumini.* Aliyagonga maneno "mwanamume na mwanamke" mpaka meza ikatikisika. Kisha muhuri mwekundu ukatua juu ya mkono wa mumewe.

Ilikuwa saa nne kamili.

Akatoka koridoni, akapiga simu.

"Mume wangu, uko wapi?"

"Kondoa, mama. Kazi bado ipo. Mtandao wa huku mbaya, nimepanda mlimani ndipo nimekupata."

"Kondoa mjini una haja ya kupanda mlima?"

"Zahanati yenyewe iko kijijini."

Nyuma yake mwanamke akacheka. Kicheko cha mtu aliyezoeana na mtu.

"Nani huyo?"

"Nani? Ah, mama ntilie. Ametuletea chai."

"Haya," alisema Erica kwa upole uliomtisha mwenyewe. "Msalimie mama ntilie."

Akarudi ndani, akachukua mkoba, akamwambia Respicius tumbo linamuuma. Hakudanganya sana. Kilichomuuma kilikuwa jirani na tumbo.

Safari siielezi. Basi mpaka Mpwapwa, kisha bodaboda milimani. Mliowahi kupanda ile milima kwa bodaboda mnajua, na msiowahi mshukuruni Mungu. Njia nzima Erica alikuwa anapanga maneno. Alikuwa na maneno ya kumwambia Raphael, na ya kumwambia Hilda, na mengine ya kuwaambia wote wawili kwa pamoja. Mtandao ulimkatikia kwenye mlima wa kwanza, hakujali. Alikuwa ameshapata habari zote alizozitaka.

Saa tisa alasiri bodaboda ikamshusha mwisho wa kijiji.

Na hapo, msomaji, laiti ungeona alichokiona.

Raphael na Hilda walikuwa ndani ya shimo moja la udongo, wanaukanyaga kwa miguu mitupu, wanatengeneza tope la kujengea. Raphael kakunja suruali. Hilda kafunga kanga kiunoni, tope mpaka magotini. Raphael akateleza, Hilda akamdaka mkono, wakacheka wote wawili.

Erica hakukumbuka hata neno moja kati ya aliyoyapanga.

"Mama ntilie hajambo?" aliuliza.

Raphael akageuka. Nimewahi kuona mbuzi amekutana na fisi njiani, nadhani hata yule alikuwa na nafuu.

"Erica! Umefikaje huku?"

"Nimepitia Kondoa."

"Mke wangu, si unavyofikiri."

"Unajua ninavyofikiri? Siku sita, Raphael! Siku sita unakanyaga tope na huyu, na mimi nyumbani nakuombea kazi iende salama! Na wewe mwalimu, wanaume wameisha Wilaya nzima ya Mpwapwa? Mpaka uje umfukue aliyekuacha?"

"Dada Erica, karibu kwanza ukae," alisema Hilda, sauti ileile.

"Usinikaribishe! Hapa ni kwako?"

Hilda akafungua mdomo kujibu. Kabla hajajibu, pazia la kibanda cha maturubai pembeni likasogezwa, akatoka bibi mmoja mwembamba, kajifunga kaniki, kaegemea fimbo.

"Raphael," alisema bibi, "mgeni nani huyo anayelia?"

Raphael akatazama chini. Akamtazama Hilda. Akamtazama mkewe. Mwisho akasema kwa sauti ndogo:

"Mama, huyu ni Erica."

Mama!

Mama yake Raphael alikuwa marehemu. Raphael mwenyewe alisema hivyo siku ya posa, mbele ya baba yake Erica. Kila mwaka Erica ndiye aliyemkumbusha mumewe wapeleke jina la marehemu kanisani liombewe, na Raphael alipeleka, akasimama, akaitikia amina.

"Mkamwana wangu!" Bibi alinyoosha mikono yote miwili, fimbo ikaanguka, akamsalimu kwa Kigogo. "Mbukwa, mwanangu, mbukwa! Hilda, mpe mkamwana wangu kigoda. Kile kizuri."

Hilda akatoka topeni, akakwenda moja kwa moja nyuma ya kibanda, akarudi na kigoda. Alijua kilipo.

Nawaambieni kweli, hicho kigoda kilimchoma Erica kuliko kicheko cha kwenye simu. Alikuwa amekuja kukamata fumanizi. Angelikamata angejua la kufanya, angepiga kelele, angerudi kwa baba yake, angelia na shangazi zake. Sasa anakutana na jambo ambalo halina hata shangazi wa kulilia. Mumewe alikuwa na mama, na mwanamke mwingine alijua.

"Shikamoo mama," alisema, akakaa.

"Marahaba. Mimi naitwa Dorkasi. Najua uliambiwa nimekufa." Bibi akacheka bila meno mengi. "Usimkasirikie sana. Ukoo wenu ni wa wazee wa kanisa, na mimi hapa wananiita mchawi tangu mume wangu alipofariki. Nani angempa binti yake mtoto wa mchawi? Nikamwambia mwenyewe, sema nimekufa, uoe."

"Na Hilda je?" Erica alimgeukia Raphael. "Hilda alistahili kujua?"

"Hilda amezaliwa hapa," alisema Raphael. "Hakuambiwa na mtu."

"Ndiye anayeniletea maji," alisema Mama Dorkasi. "Miaka yote hii."

Hilda alikuwa anafuta tope miguuni kwa jani, na Erica akaona heri hata angetabasamu kwa kejeli. Mtu mwema ni mgumu kumchukia, unachoka haraka.

Ndipo Erica alipokumbuka kilichomleta kijijini. Akatazama kifusi nyuma ya kibanda.

"Mama, hii ndiyo nyumba iliyoungua?"

"Ndiyo hiyo. Jirani yangu Bartolomayo alipoteza ndama watatu msimu huu. Akasema mimi. Jumamosi nyumba ikawaka moto mchana kweupe. Aliyeiwasha Mungu anamjua. Bahati mimi na Hilda tulikuwa bondeni kwenye vitunguu tangu asubuhi, moshi tumeuona wote pamoja. Ningekuwa ndani, mwanangu asingekudanganya tena, ningekuwa marehemu wa kweli."

"Na Biblia?"

"Raphael alifika Jumapili, watu wako kanisani. Akafukua na Hilda, wakaikuta. Ibada ilipokwisha, kijiji kizima kikaja kutazama. Bartolomayo akapiga magoti hapohapo ulipokaa. Akasema mchawi hawezi kuhifadhiwa Biblia na Mungu, akaniomba radhi, akalia. Tangu siku hiyo wananiletea unga, wananiletea mikeka. Nalala usingizi, mwanangu. Nilikuwa nimesahau usingizi ukoje."

"Mimi niliituma kwenye kundi la kwaya tu," alisema Hilda. "Yale maandishi ya baraka na watu kumi siyajui. Watu waliichukua wakaongeza yao."

"Lakini, mama," Erica alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupoteza ukali, "Biblia ilitoka na udongo. Udongo umetoka wapi?"

Mama Dorkasi akamtazama kama mtu aliyeulizwa maji ya mtoni yametoka wapi.

"Si ilikuwa tembe?"

Tembe! Haya, wewe wa Bahi, sasa ruksa kupiga kelele.

"Juu miti," bibi aliendelea, "juu ya miti nyasi, juu ya nyasi udongo, na kila mwaka marehemu baba yake Raphael alikuwa anauongeza. Miti iliposhika moto, paa lote likaangukia kitanda, moto ukakosa pumzi. Blanketi limepona. Sufuria imepona. Na kiatu kimoja kimepona. Nikawaambia, jamani, ni udongo huu. Wakasema mama huna imani. Mbona kiatu hawakukipiga picha?"

Erica aliweka mikono usoni. Bibi yake mzaa baba, Chamwino, alikuwa na tembe. Erica na binamu zake walikuwa wanapanda juu ya paa kuanika karanga, na bibi anapiga kelele kutoka ndani kwamba wanamwagia udongo kwenye ugali. Respicius wa Bukoba alikuwa na haki ya kutojua. Yeye alijua tangu ana miaka mitano. Wivu ulimpofusha akaona bati kwenye nyumba ambayo haijawahi kuwa na bati.

"Raphael," alisema. "Nimeandika."

"Umeandika nini?"

"Kwenye Chekecheo. Nimegonga muhuri. Nimesema ilifukiwa."

Rangi ikamtoka Raphael. "Lini?"

"Saa nne asubuhi. Nipe simu yenye mtandao, nitaifuta sasa hivi!"

"Hapa hakuna mtandao," alisema Hilda. "Uko kule juu kanisani tu."

Wote wakatazama juu kanisani. Watu walikuwa wanashuka. Thelathini hivi, wengine na majembe waliyotoka nayo shambani, na mbele yao mwanamume mwenye kofia ya pama, kanyoosha simu juu.

"Bartolomayo," alisema Raphael.

"Mchukue mama," Hilda alisema harakaharaka. "Pitieni bondeni mpaka kwa katekista. Mimi nabaki niwasimamishe. Ni wazazi wa wanafunzi wangu, hawatanipita."

"Hilda, wana majembe!"

"Nenda, Raphael!"

Raphael akambeba mama yake mgongoni kama mtoto. Akamtazama mkewe. "Njoo, Erica."

Na hapo wivu ukafanya kituko chake. Erica angekwenda. Miguu ilikuwa inataka kwenda. Lakini Hilda amebaki, na Raphael ameona Hilda amebaki.

"Nabaki," alisema Erica. "Mimi ndiye niliyeandika."

Raphael akatokomea bondeni na mzigo wake. Wanawake wawili wakasimama bega kwa bega mbele ya kifusi, na hawakutazamana.

"Mwalimu!" Bartolomayo alikuwa anahema. "Yuko wapi yule bibi?"

"Ametoka, baba. Karibuni mpumzike."

"Hatukuja kupumzika! Chekecheo wamesema, na Chekecheo hawakosei. Biblia ilifukiwa! Mimi nimepiga magoti hapa, mbele ya wanangu, nimeomba radhi kwa mchawi!"

"Shikamoo baba," alisema Erica. "Mimi ndiye Erica wa Chekecheo."

Bartolomayo akaitazama picha kwenye simu, akautazama uso. "Marahaba. Kweli ni wewe. Basi Mungu kakuleta. Waambie hawa."

"Nilikosea, baba. Biblia haikufukiwa na mtu. Ilikuwa tembe, paa lilianguka, udongo ukaifunika."

Watu wakanong'ona.

"Asubuhi umesema ilifukiwa," alisema Bartolomayo. "Jioni unasema haikufukiwa. Tukuamini saa ngapi?"

"Kalishwa kitu!" alipiga kelele mama mmoja. "Kafika tu, kichwa kimegeuzwa!"

"Bibi kamroga huyu!"

Majembe yakapanda mabegani. Wengine wakaanza kutazama njia ya bondeni. Erica akaelewa kwamba ukweli wa tembe hautamwokoa bibi hata kidogo, kwa sababu wote hapa wamezaliwa kwenye tembe, na Jumapili waliuona udongo ule kwa macho yao wakachagua muujiza. Walitaka kujua jambo moja tu, kwa nini mtu aliyesoma aandike uongo. Na sababu alikuwa nayo. Ilikuwa imesimama bega kwa bega naye, tope mpaka magotini.

"Sijarogwa," alisema. "Niliandika kwa wivu."

Majembe yakasimama hapohapo mabegani.

"Mkono wa kwenye video ni wa mume wangu. Aliniambia yuko Kondoa. Sauti ni ya mwalimu huyu, ambaye alikuwa aolewe naye kabla yangu. Sikupiga simu kuuliza, na kazi yangu ni kupiga simu. Sikutaka kuuliza. Nilitaka wawe waongo." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mama Dorkasi hajafukia kitu. Hata muujiza hakuutangaza yeye. Nimeaibika mbele yenu, na nimeaibika zaidi mbele ya huyu."

Wanawake wa pale waliliamini hilo papo hapo. Mmoja akaguna. Mwingine akashusha jembe, akasema, "Pole, mwanangu, hayo tunayajua." Hilda alisogeza mkono, akaugusa mkono wa Erica taratibu. Erica akauacha uguswe.

Bibi alikuwa amepona. Ningekuwa mwandishi mwenye huruma ningeishia hapa.

Bartolomayo akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Subirini," alisema. "Raphael hajakanyaga hapa miaka minne. Nani alimwita?"

"Mimi, baba," alisema Hilda. "Nilimpigia siku ile ya moto."

"Nyumba isingeungua, angekuja?"

Hilda akatazama kifusi. Watu wakaanza kutazamana.

"Ndama wangu walikufa, nikasema maneno, ni kweli," Bartolomayo aliendelea, na alikuwa anasema haraka mno kwa mtu anayefikiri. "Lakini sikuwasha moto. Sasa jiulizeni, nani alitaka Raphael arudi? Nani alikuwa peke yake naye hapa siku ya Jumapili, sisi tunasali? Huyu mama wa Chekecheo ameona kwa kutumia wivu. Wivu una macho!"

"Baba!" Hilda alishtuka. "Siku ya moto nilikuwa bondeni na mama, tangu asubuhi!"

"Nani shahidi?"

"Mama mwenyewe!"

"Mama umeshamtorosha."

Duara likasogea. Hilda akamgeukia Erica, na kwa mara ya kwanza tangu harusi ile sauti yake ikatetemeka.

"Muulizeni Erica! Mama amemwambia sasa hivi, kwa mdomo wake, akiwa amekaa hapo."

Simu tatu zikanyanyuliwa kurekodi. Bartolomayo akaukunja mkono wa shati.

"Haya, mama wa Chekecheo. Kazi yako hiyo. Ni kweli alikuwa bondeni?"

Neno lilikuwa moja tu, na Erica alikuwa nalo. Akamtazama Hilda. Aliona tope la nyumba ya mama mkwe wake limekauka kwenye miguu ya mwanamke mwingine. Akaona kigoda. Akafikiri kwamba mwalimu anaweza kuhamishiwa shule nyingine, mbali sana, na maji ya Mama Dorkasi yakaletwa na mkamwana wake. Alifikiri hayo yote kwa muda mfupi, mfupi mno kuitwa dhambi, ndivyo alivyojiambia.

"Hilo," alisema Erica, "sijalithibitisha."

Bartolomayo akamshika mwalimu mkono.